Kujifunza kwa Kichwa cha Mwingine

Mwanafunzi wa kinyozi hana budi kupata kichwa cha mtu. Aweza kuitazama mikono ya bwana wake kwa miezi mingi, aweza kunoa nyembe na kuandaa maji na sabuni, aweza hata kueleza kwa ulimi mwepesi jinsi wembe unavyopaswa kulala juu ya ngozi. Lakini haina budi siku ifike aushike wembe mwenyewe, na siku hiyo lazima pawe na mtu mbele yake aliyeinamisha kichwa. Nakuuliza, msomaji, kichwa hicho kitakuwa cha nani? Tajiri wa mji hatakubali. Yeye humtaka kinyozi mkuu, na fedha za kumlipa anazo. Mwenye duka hatakubali. Kesho asubuhi ana wateja wa kuonana nao. Aghalabu kichwa kinachopatikana ni cha mtoto asiyeulizwa, au cha mtu asiye na senti aliyeambiwa kwamba atanyolewa bure. Naye akikatwa huambiwa ashukuru, maana hakulipa kitu.

Mfano huu ni mdogo, lakini swali lililomo ndani yake si dogo. Je, ni haki mtu kujipatia ujuzi kwa haja ya mtu mwingine? Wala usidhani kwamba swali hili ni la vinyozi tu. Daktari kijana hujifunza kwa mwili wa mgonjwa. Mwalimu mpya hujifunza kwa watoto wa darasa lake la kwanza, ambao mwaka ule hawatarudishiwa. Wakili hujifunza kwa kesi ya mtu. Wewe mwenyewe ukitibiwa leo na stadi, umefaidika kwa subira ya watu usiowajua, waliotibiwa naye kabla hajawa stadi. Kwa hiyo hatuwezi kujibu upesi kwamba si haki, kwa maana tukisema hivyo tutakuwa tumeufuta ufundi wote duniani katika kizazi kimoja. Wala hatuwezi kujibu upesi kwamba ni haki, maana yule aliyekatwa kwa wembe yupo, na kidonda chake tunakiona.

Nataka tulitazame swali hili katika kazi ya uhandisi, na hasa katika desturi ya walimu wa vyuo vikuu ya kuwapa wanafunzi wao kazi ya kubuni na kuunda kitu halisi kwa ajili ya mtu halisi. Nachagua kazi hii kwa sababu kuna wakati ilionekana kama imeepukana kabisa na swali letu. Mhandisi kijana alijifunza kwa karatasi, na karatasi haitoki damu.

Mwaka 1955 kamati ya walimu wa uhandisi wa Marekani, iliyoongozwa na L. E. Grinter, ilitoa taarifa iliyohimiza vyuo vitie nguvu zaidi katika hisabati na sayansi. Shauri lao lilikuwa na sababu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeonyesha kwamba vyombo vipya vyenye nguvu, kama vile rada na injini ya jeti, havikuzaliwa na mazoea ya karakana peke yake, bali na watu walioyaelewa maumbile ya vitu kwa undani. Basi vyuo vingi vikapunguza saa za tupa, nyundo na tanuri, vikaongeza saa za hesabu. Mimi sipendi dhihaka ya wale wanaosema kwamba hesabu za wahandisi ni maneno matupu ya watu walioogopa kuchafua mikono. Daraja lililokosewa hesabu laweza kuua kwa siku moja watu wengi kuliko vinyozi wote wa pwani kwa maisha yao yote. Hesabu ni huruma ya namna yake: humfanya mtu akosee kwanza juu ya karatasi, mahali ambapo kosa hufutwa kwa raba.

Hata hivyo ilitokea hasara. Iliwezekana kijana akae chuoni miaka minne, ashinde mitihani yote, apewe shahada na kofia yake, naye hajaunda hata kitu kimoja ambacho mtu mwingine alikikalia, alikivuka au alinywa maji yaliyopita ndani yake. Kila swali alilopewa lilikuwa limekatwa na kushonwa tayari. Tarakimu zilizohitajiwa zilikuwamo zote, hakuna iliyopungua wala iliyozidi, na jibu lilikuwa limechapwa mwishoni mwa kitabu. Kijana wa namna hii akitoka nje na kukutana na haja ya mtu, hushangaa kuona kwamba haja haikuja na tarakimu zake.

Katika Claremont, California, kiko chuo kidogo kiitwacho Harvey Mudd College, kilichoanzishwa mwaka uo huo wa 1955. Mwaka 1963 maprofesa wawili wa uhandisi wa chuo hicho, Jack Alford na Mack Gilkeson, waliungana kuanzisha mpango wa kuiponya hasara hiyo. Wanafunzi wachache waliunganishwa kuwa kundi moja, wakapewa tatizo la kweli lililoletwa na kampuni au ofisi iliyo nje ya chuo, wakalifanyia kazi kwa mwaka mzima chini ya macho ya mwalimu, na mwisho wake wakamkabidhi mwenye tatizo kazi yao. Mwenye tatizo alilipa ada, naye alikuwa na haki ya kuuliza kazi imefika wapi. Maprofesa hao waliuita mpango wao Kliniki, na kwa jina hilo unaendelea hata leo.

Tazama jambo lililobadilika hapo. Darasani mwalimu huuliza swali, na jibu limo katika mtoto wa meza yake. Mwanafunzi ajua kwamba limo. Kazi yake basi huwa si kuutafuta ukweli, bali kukisia kilichomo katika mtoto wa meza, na wako wanafunzi hodari sana wa kukisia ambao hupata alama za juu mpaka siku ya kutoka chuoni. Katika Kliniki mtoto wa meza ni mtupu. Mwalimu aliyelipokea tatizo kutoka kwa kampuni hajui jibu, na lau kampuni ingelijua isingelileta.

Tuseme kwamba maprofesa wawili wanalisimamia kundi moja la vijana wanaounda mashine ya kuinulia mizigo. Mmoja asema nguzo yake iwe ya chuma, kwa kuwa chuma hulehemiwa kwa urahisi. Wa pili asema iwe ya alumini, kwa kuwa mashine itabebwa na mtu. Wote wawili wana shahada za juu, wote wawili wameandika vitabu, nao wanapingana mbele ya wanafunzi wao. Katika majengo mengi ya elimu ubishi wa namna hii humalizwa na cheo: aliye mkubwa husema, aliye mdogo hunyamaza, na wanafunzi huandika yaliyosemwa na mkubwa. Lakini hapa iko nguzo. Ikitundikwa mzigo, ama itapinda ama haitapinda, na katika kupinda kwake haitauliza ni profesa gani aliyeichagua. Yule aliyeshindwa hana la kufanya ila kusema, mbele ya vijana wa miaka ishirini, kwamba mwenzake alikuwa na haki. Mimi nadhani somo hilo ni gumu kuliko hesabu zote za chuo, hasa kwa watu waliozoea kuitwa kwa vyeo vyao. Na mwanafunzi aliyeliona mara moja hulikumbuka kwa muda mrefu baada ya kuzisahau fomula.

Iko sababu nyingine ya maprofesa kushirikiana, nayo si ya adabu tu. Haja ya mtu haiji imegawanywa kwa vipindi kama ratiba ya shule. Kitu kidogo kama kiti huuliza habari za chuma, na za mwili wa mwanadamu, na za bei ya chuma sokoni, na za njia ambayo kiti kitapita, na za fundi atakayekitengeneza kikivunjika. Hakuna profesa mmoja mwenye majibu ya maswali hayo yote. Profesa anayedhani anayo yote, kwa kawaida ameyasahau mawili au matatu.

Sasa turudi kwa kinyozi wetu. Jina la Kliniki lilichukuliwa kutoka kwa waganga, na lilichaguliwa vizuri. Hospitalini daktari kijana hujifunza kwa mgonjwa, lakini yuko mkuu aliyesimama karibu, na mgonjwa aweza kukataa, na lengo la wote ni kwamba mgonjwa apone, si kwamba kijana apate alama. Katika Kliniki ya Alford na Gilkeson masharti haya yalitimizwa bila taabu, kwa sababu aliyeinamisha kichwa alikuwa kampuni. Kampuni ina fedha, ina wahandisi wake, ina wakili wake, na ikipewa taarifa mbovu yaweza kuitupa katika kapu la taka ikatafuta wengine. Hiki ni kichwa cha tajiri, na tajiri amekuja na kioo chake. Swali letu huwa zito pale ambapo kichwa ni cha mtu asiye na kioo.

Fikiri juu ya mtu asiyeweza kutembea, anayekaa mahali ambapo njia ya kwenda sokoni ni ya mchanga, mawe na matope. Kiti cha magurudumu kwake si chombo cha starehe. Bila kiti hawezi kufika shuleni, kazini, msikitini wala kanisani, ila kwa kubebwa, au kwa kutambaa. Kwa haja kubwa kama hii mtu hupokea anachopewa, na hapo ndipo penye hatari. Kiti kisichomfaa mwili humletea vidonda vya kukalia. Kwa mtu ambaye mwili wake wa chini hauna hisia, kidonda hicho huingia ndani bila yeye kujua, na chaweza kumwua. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa viti vya magurudumu kwa nchi zenye uwezo mdogo, mwaka 2008, lilitaka kiti kilingane na haja ya mtu na mahali anapoishi, kimkae sawasawa, kiwe salama na cha kudumu, na kiweze kutengenezwa katika nchi ile ile. Soma masharti hayo tena polepole, na utaona kwamba kumpa mtu kiti chochote ili mradi ni kiti, kisha kupiga naye picha, hakutimizi hata sharti moja.

Miongoni mwa watu waliolielewa jambo hili mapema alikuwa Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966 akiwa bado mwanafunzi, kisha akawa mhandisi. Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua, akakuta vijana wenye ulemavu waliokuwa wakitumia kiti kimoja kwa zamu. Mtu mwingine angaliwahurumia, akarudi kwao kukusanya sadaka. Yeye alikitazama kile kiti na jinsi walivyokirekebisha, akawauliza maswali kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha San Francisco State, alishirikiana na profesa wa uhandisi Peter Pfaelzer kuanzisha kituo cha kubuni viti ambavyo vingeweza kuundwa katika karakana za kawaida za nchi mbalimbali, na kufundisha wanafunzi kuviunda. Hotchkiss alikuwa kinyozi na kichwa kwa pamoja. Alipokosea, alikosea juu yake mwenyewe kwanza. Nasikitika kwamba bahati ya namna hii ni adimu; wahandisi walio wengi hutembea kwa miguu yao miwili, na hawana budi kuuliza.

Jambo la kuuliza linanileta karibu na kwetu. Mwaka 2005 mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha Massachusetts Institute of Technology, Amos Winter, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa katika chuo icho hicho, alifika Tanzania kuchunguza hali ya viti vya magurudumu. Aliona jambo ambalo watumiaji walikuwa wakilijua siku zote. Kiti cha kawaida hufaa ndani ya nyumba, lakini nje, juu ya njia mbovu, huchosha mikono upesi. Baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono hufika mbali, lakini ni kubwa, haiingii ndani. Aliye na kimoja hukosa faida ya cha pili. Ikazaliwa kazi ya miaka kadhaa ambayo walimu na wanafunzi wa chuo hicho waliifanya pamoja, kukiwa na somo maalumu la kubuni viti kwa ajili ya nchi za namna hii, nao wakashirikiana na watengenezaji wa viti wa Afrika Mashariki, mmoja wao akiwa Association for the Physically Disabled of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1958 na chenye karakana yake Nairobi.

Kiti walichokibuni kina nyenzo mbili ndefu, moja kila upande, na mtumiaji huzisukuma mbele kwa mikono ili magurudumu yazunguke kwa mnyororo kama wa baiskeli. Hapa msomaji wa fizikia atafurahi. Wajua kwamba kadiri unavyoshika wenzo mbali na egemeo lake, ndivyo unavyopata nguvu kubwa ya kuzungusha, ingawa mkono wako utasafiri mwendo mrefu zaidi. Basi mtu akikuta mlima au mchanga, hupandisha mikono juu ya nyenzo, akapata nguvu. Akifika njia iliyo sawa hushusha mikono chini, akapata mbio. Gia hazibadilishwi, kwa kuwa mkono wenyewe ndio gia. Akitaka kusimama huzivuta nyenzo nyuma. Akifika mlangoni huzichomoa na kuziweka kando, akaendesha kiti kwa kushika magurudumu kama desturi. Vipuri vingi ni vya baiskeli, kwa sababu fundi wa baiskeli hakosekani hata katika kijiji kisichokuwa na duka la dawa. Ni wazo zuri sana. Ukilichora ubaoni darasa zima litapiga makofi, na mimi ningelikuwa mtahini ningelipa alama zote.

Lakini mtahini hakuwa mimi. Mwaka 2009 viti hivyo vilipewa watu wa Afrika Mashariki wavitumie katika maisha yao ya kila siku, na hukumu yao haikuwa ya makofi. Kiti kilikuwa kizito mno. Kilikuwa kipana mno kwa matumizi ya ndani ya nyumba. Nje kilikwenda vizuri; lakini mtu haishi nje, na kiti kilichobuniwa makusudi kiunganishe nyumba na njia kilikuwa kimeishinda njia na kushindwa na nyumba. Kanuni ya wenzo haikuwa na kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa mahali ambapo kanuni haifiki: katika upana wa mlango wa mtu, na katika mkono wa yule anayekiinua kiti kukipitisha kizingitini.

Wabunifu walikuwa na njia mbili. Wangeweza kusema kwamba kiti kimethibitika kwa hesabu, kwamba watumiaji hawajakizoea, kwamba taarifa imeandikwa na shahada imepatikana. Kazi nyingi za wanafunzi, na si za wanafunzi peke yao, humalizikia katika maneno hayo. Wao walirudi mezani. Toleo lililojaribiwa Guatemala mwaka 2010 lilikuwa jembamba zaidi, na jepesi kuliko la Afrika Mashariki kwa takriban kilo 9. Watumiaji wa huko nao wakasema kwamba wanayumba kitini wanaposukuma nyenzo kwa nguvu, na toleo lililofuata likatiwa mikanda ya kumshika mtu. Zaidi ya mara moja aliyekaa kitini alisema, na zaidi ya mara moja chuo kilisikia.

Najua kwamba wako watakaonipinga kwa kusema: unamsumbulia nini mtu anayetoa bure? Asiye na kitu hupata kitu, na kitu kibovu ni afadhali kuliko kukosa. Nimekwisha kutaja kidonda cha kukalia, nacho chatosha kuijibu nusu ya hoja hii. Nusu ya pili ni hii, kwamba kiti kibovu hakimpi mtu ubovu tu. Humwondolea pia haki ya kulalamika, na jirani zake humwona kama mtu aliyekwisha kupata. Jina lake hufutwa katika orodha ya wahitaji, na kiti kinasimama ukutani kikiota kutu. Aliyekosa kabisa aweza angalau kuendelea kudai.

Wako wengine watakaonipinga kutoka upande wa pili. Watasema: ikiwa mambo ni mazito kiasi hiki, basi wanafunzi wasiguse kabisa haja za maskini, wajifunze kwa mashindano ya vitu vya kuchezea, na haja za watu waachiwe wahandisi waliokomaa. Hoja hii ina heshima ndani yake, wala siidharau. Lakini tazama inapotupeleka. Wahandisi waliokomaa huenda mahali penye malipo, na kwa miaka mingi hapakuwa na malipo katika kiti cha mtu wa kijijini. Ukimzuia mwanafunzi asiguse, kichwa cha maskini hakitakatwa tena, lakini pia hakitanyolewa. Na mwanafunzi aliyejifunza kwa vitu vya kuchezea peke yake atakapokomaa, atakuwa amezoea kufikiri kwamba anayeamua kama kazi ni njema ni yeye na mwalimu wake.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba yawezekana kuwa haki, lakini haki hiyo hununuliwa, na bei yake si huruma. Mtu mwenye haja lazima awe na uwezo wa kweli wa kukataa, na kukataa kwake kusimwondolee kitu alichokuwa nacho. Neno lake juu ya kazi lazima liwe na uzito kuliko neno la profesa katika mambo anayoyajua yeye, yaani mwili wake, nyumba yake na njia yake. Na hapa pana jambo ambalo vyuo husahau kuliko yote: lazima awepo mtu wa kumwendea baada ya likizo kuanza. Muhula wa chuo una wiki zake, na mwanafunzi aliyepata alama hurudi kwao; kiti hakijui mihula, nacho huvunjika mwezi wa saba juu ya mawe, maili kumi kutoka barabarani. Hapo ndipo karakana ya Nairobi na fundi wa baiskeli wanapokuwa na maana kuliko maabara iliyo ng'ambo ya bahari, na profesa asiyewatafuta watu hawa kabla ya kuanza kazi ameanza na mwisho.

Labda wewe, msomaji, u katika kidato cha pili au cha tatu, na mbele yako kuna maonyesho ya sayansi ya shule. Umeunda jiko linalotumia kuni chache, au chombo cha kupukuchulia mahindi, na umeandika kwa wino mzuri kwamba kitawasaidia akina mama wa kijiji. Sina nia ya kukuvunja moyo. Nakuuliza tu ni mama yupi. Je, amekipika chakula cha jioni juu ya jiko hilo, na sufuria yake mwenyewe, watoto wakiwa wanalia njaa? Alisema nini? Kama alisema kwamba moshi umepungua lakini ugali hausongeki kwa sababu jiko linayumba, je, umeyaandika maneno hayo katika karatasi yako, au umeandika yale ya moshi peke yake? Mwalimu wako naye ana swali la kujiuliza, kama lile lililowakabili maprofesa. Wakija wanafunzi wawili, mmoja na chombo kinachong'aa ambacho hakijaguswa na mtu, mwingine na chombo kilichochakaa pamoja na orodha ya mambo kumi ambayo jirani yake ameyakataa, ni nani atakayepewa alama? Mimi najua ambaye ningempa, lakini najua pia kwamba kombe la mashindano hupenda kung'aa karibu na vitu vinavyong'aa.

Limebaki jambo moja ambalo hunisumbua, na sitakuficha. Baada ya majaribio ya Afrika Mashariki, Guatemala na India, watu waliotoka katika kazi ile walianzisha kampuni, na kiti cha ukoo ule ule kikaanza kuuzwa Marekani kwa watu wenye ulemavu wanaopenda kupita misituni, milimani na kwenye fukwe za mchanga. Sioni aibu katika jambo hilo. Mchanga ni mchanga, na mtu wa Marekani asiyeweza kutembea anastahili kuiona bahari kama mtu wa Malindi. Lakini kile kiti kimekuwa chepesi kwa sababu mtu fulani wa kwetu alisema mwaka 2009 kwamba ni kizito. Siku aliposema neno lile, alikuwa mgonjwa wa kliniki au alikuwa mwalimu wake? Profesa ana mshahara wake, mwanafunzi ana shahada yake, kampuni ina bei yake. Kwa huyu wa nne, daftari nyingi za vyuo bado hazina safu ya kuandikia jina lake.